Nafasi ya Aggie Kwenye Benchi la Nne

Marlingthorpe, 1961

Jumapili, 17 Septemba

Nimeanza kuandika kwa sababu leo nimejikuta nikizungumza na birika la chai. Nilikuwa nalisimulia habari za ubatizo, nani kaja na kofia gani, na lilipopiga mluzi nikalijibu. Mwanamke akifika hapo ni heri anunue kalamu.

Mtoto wa kina Pocock amebatizwa, na ukoo wote ukajitokeza, hata wale wasiosalimiana. Kanisa likajaa mpaka wanaume wakasimama nyuma, kofia mikononi, wakiegemea mguu huu kisha ule. Na mimi nimekaa peke yangu, nafasi wazi kando yangu. Benchi letu, la nne upande wa kusini, limekatwa na nguzo, kwa hiyo linaingia watu wawili tu. Mimi nakaa upande wa ukuta. Dada yangu Aggie alikaa upande wa njia tangu tukiwa wasichana wa soksi ndefu, mpaka Juni alipofariki.

Mzee mmoja wa Kipocock, mwenye mguu mbovu, alikaribia akiwa na fimbo yake. Akaitazama nafasi, akanitazama mimi, akanipa pole kwa kichwa, akarudi nyuma kusimama. Alisimama ibada nzima. Ni heshima, najua. Hapa kwetu hakuna mtu anayekalia nafasi ya marehemu. Lakini nilitamani kumshika koti.

Jumatatu, 18 Septemba

Mvua. Nimechemsha mayai mawili kwa mazoea, la pili nikalila saa kumi.

Jumamosi, 23 Septemba

Siku yangu ya kung'arisha shaba. Naanza na tai anayebeba Biblia kwenye mabawa, kwa sababu ndiye mwenye makuu, halafu vinara, halafu vibao vya ukutani. Tai alitolewa na kabaila aliyejenga kanisa hili enzi za Malkia Victoria, kwa kumbukumbu ya mwanawe aliyekufa kwa homa huko India. Kisima cha ubatizo kilitolewa na mjane wa daktari. Dirisha la malaika wekundu ni la mabinti watatu wa mwenye kinu, waliokufa wote kwa wiki moja. Hata ndoano ya kutundikia joho la padri ina jina la mtu. Nimewasugua watu hawa maisha yangu yote, nawajua kuliko majirani.

Aggie hana kitu humu. Ana jiwe nje, kwenye nyasi, na mvua.

Doreen Thurlow alikuwa akibadilisha maua. Yeye ndiye mkuu wa maua na mkuu wa wadarizi wa mito ya kupigia magoti, na kama kungekuwa na ukuu wa buibui angeuchukua pia.

"Mshonee mto, Hilda," akasema. "Mto mzuri, na jina lake ubavuni. Uwekwe pale pale alipokuwa akikaa."

"Mito yenu haina majina."

"Basi huu utakuwa nalo. Watu wanataka kumkumbuka, mama, hawajui tu waanzie wapi."

Nimelifikiria njia nzima ya kurudi, na naona amesema kweli. Watu wanaiogopa nafasi ile kwa sababu bado ni kidonda. Ukiwekwa mto, ukibarikiwa, msiba utakuwa umekwisha rasmi. Mtu atakuja, atapiga magoti juu yake, atakaa. Nitakuwa na bega la mtu kando yangu tena. Nimefurahi hata nikala nyama ya jana bila kuipasha moto.

Jumapili, 1 Oktoba

Sikukuu ya Mavuno. Tufaha kila dirisha, mkate mkubwa uliofinyangwa kama mganda wa ngano, vitunguu vimesukwa kwenye mimbari. Wakulima walileta mazao mpaka pakakosekana pa kuweka, na Doreen, jasho likimtoka, akaja na boga la Bwana Pask, kubwa kama mwana-kondoo, akaliweka kando yangu.

"Kwa muda tu, mpenzi," akaninong'oneza.

Kwa hiyo ibada yote nimekaa na boga. Aggie angecheka mpaka angelazimika kutoka nje. Alikuwa mtu wa kunichokoza kwa kiwiko wakati wa mahubiri, akitafuna pipi ya mnanaa, na mimi najifanya simjui. Wakati wa wimbo wa mwisho nililigusa boga, sijui kwa nini. Lilikuwa baridi.

Jumatano, 4 Oktoba

Nina hasira hata wino unaruka.

Baraza la kanisa lilikutana kwenye chumba cha mavazi. Nilipeleka mchoro wangu: bata bukini mweupe juu ya buluu, maana Aggie alifuga mabata hao na walimpenda yeye peke yake, na chini yake jina, Agnes Catchpole. Padri Sturgess, kijana anayependa amani kuliko chakula, alisema ni mzuri sana. Doreen akasema ni mzuri sana. Ndipo Walter Gathercole akakohoa.

Gathercole ni mzee wa kanisa. Ndiye anayefungua mlango, anayewasha jiko la makaa, anayegawa vitabu vya nyimbo kana kwamba vinatoka mwilini mwake. Aliuza mbegu maisha yake yote, na nadhani alikuwa akiwahesabia wateja moja moja.

"Mito yote ni ya buluu na haina majina," akasema. "Tulikubaliana."

"Bwana Gathercole, humu ndani hata ndoano ina jina."

"Ndiyo maana nasema yatosha."

"Walter, jamani!" Doreen akasema. "Ni mto tu, si mnara."

"Leo mto, kesho zulia." Hakunitazama. "Na bata bukini kanisani?"

"Tai yupo," nikamwambia. "Amekaa pale mbele tangu kabla hujazaliwa, na sijasikia amemkosea mtu."

Bwana Pask alicheka. Gathercole hakucheka. Alisema anapinga na waandike kwamba anapinga. Padri akasema tusiharakishe, tutalizungumza tena, akatuombea.

Nimelia njiani kama mtoto. Aggie alimpelekea mtu huyu matunda ya plamu kila mwaka.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimeanza kushona hivyo hivyo. Na anipinge na sindano.

Jumanne, 10 Oktoba

Malori yanayobeba biti, mizizi ya kutengenezea sukari, yameanza kupita. Tope barabarani, tope mlangoni, tope kwenye mkate nadhani. Nimemaliza shingo ya bata.

Jumapili, 15 Oktoba

Ukungu. Tulikuwa wachache, na wachache wale wamekaa kila mtu kwake, mbalimbali, kama meno ya mzee. Tulipoimba nilisikia sauti yangu tu. Sikujua kwamba ni mbaya hivi. Kumbe miaka yote nilikuwa nikijificha ndani ya sauti ya Aggie.

Alhamisi, 19 Oktoba

Gathercole amekuja. Nilimwona kupitia dirishani akisimama getini muda mrefu, akilitazama komeo kana kwamba hajui linafunguliwaje. Mabata wamempigia kelele. Nikafungua mlango, sikumkaribisha.

"Bi Hilda," akasema. "Hilo jina. Achana nalo."

"Umetoka kwako kwenye tope hili kuja kuniambia hivyo?"

"Mto weka. Bata weka. Jina usiweke."

"Kwa nini?"

Alizungusha kofia mkononi. "Haitakusaidia," akasema.

"Aliyekuambia nataka kusaidiwa nani?"

Nikafunga mlango. Baadaye niliona ameacha kapu la kuni kavu kwenye ngazi. Sitazichoma.

Ijumaa, 20 Oktoba

Baridi kali. Nimezichoma.

Jumatano, 25 Oktoba

Baraza limekubali! Gathercole peke yake ndiye aliyepinga. Doreen amenikumbatia, na manukato yake yamebaki kwenye skafu yangu mpaka sasa. Sikumbuki ni lini mtu mwingine amenikumbatia. Kwenye mazishi, nadhani, lakini siku ile sikusikia kitu.

Alhamisi, 2 Novemba

Kumbukumbu ya marehemu. Padri alisoma majina kwa mwanga wa mishumaa, na la Aggie kwa mara ya kwanza. Alilisoma vizuri, bila haraka. Baadaye akasoma la Nora Gathercole, mkewe Walter. Nikamwona Walter, kule kwenye benchi la mzee wa kanisa karibu na mlango, amekaa wima na fimbo yake ya cheo mbele yake. Nilimhurumia kidogo, halafu nikakumbuka kuwa nina hasira naye.

Jumatano, 8 Novemba

Jina limekamilika. Herufi A ya mwanzo imepinda kidogo. Ndivyo alivyokuwa yeye pia.

Jumapili, 12 Novemba

Siku ya askari waliokufa vitani. Mvua ilinyesha kwenye maua mekundu ya karatasi tuliyobandika vifuani, rangi ikachuruzika kwenye makoti ya watu.

Jumapili, 19 Novemba

Mto umebarikiwa.

Niandike polepole, kila jambo kwa zamu yake.

Padri aliubeba mpaka altare, akauombea, akaja nao mwenyewe hadi benchi la nne na kuuweka chini, mbele ya nafasi ya Aggie. Watu waligeuka, wakatabasamu. Bata alionekana mzuri kweli, hata mwenyewe nilishtuka. Nilijiambia, haya, Jumapili ijayo. Au pengine leo leo.

Na ilikuwa leo. Wimbo wa pili ulipokuwa ukiimbwa, mlango ulifunguliwa akaingia mwanamke mgeni, mtu mzima, koti la kijani limelowa mabegani. Nadhani alikosa basi akaona taa zetu. Alipita kwenye njia akitafuta pa kukaa, akaliona benchi langu, akanitabasamia. Nilivuta koti langu kumpisha. Alikuwa ameshainama, mkono wake umeshashika mwisho wa benchi, nikasikia harufu ya mvua ya koti lake.

Doreen akatoka benchi la nyuma yangu kama moto. Akamshika kiwiko.

"Hapo hapana, mpenzi," akamwambia kwa upole, na kanisa zima likasikia. "Hapo ni pa marehemu. Njoo huku, kuna nafasi tele."

"Ah! Nisamehe," yule mwanamke akaniambia mimi. "Nisamehe sana, sikuona jina."

Nilitaka kusema kaa. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kinanda kilikuwa kikipiga, na watu wote wananiangalia kwa macho yale ya huruma, na mimi nimelelewa nisipige kelele kanisani. Akapelekwa upande wa pili. Nilimwona akikaa na kina Pask, Bi Pask akimwonyesha ukurasa.

Mlangoni kila mtu alinishika mkono. "Pazuri sana, Hilda. Pamekuwa pake sasa." Bwana Pocock alisema amewaonya watoto wake wasipite hata karibu. Doreen alikuwa na machozi. Anafikiri amenilinda, na siwezi hata kumchukia, maana ameacha ibada yake kwa ajili yangu.

Zamani palikuwa pazito tu, mtu angeweza kuzoea. Sasa nimepafunga mwenyewe, kwa uzi wangu, na padri amepabariki.

Jumatatu, 20 Novemba

Sikutoka. Sikuwalisha mabata mpaka mchana, wakaja kugonga mlango kwa midomo.

Nimefikiria kwenda kuuchukua. Haiwezekani, si wangu tena, ni mali ya kanisa. Nimefikiria kumwomba Padri atangaze kwamba watu wanaruhusiwa kukaa. Nikajaribu kuyasema maneno hayo mbele ya kioo: "Naomba mtu akae nami." Nilionekana kama anayeomba chakula dirishani. Nina umri wa miaka sitini na minane, na sijui namna ya kuliomba jambo hilo.

Jumamosi, 25 Novemba

Shaba. Nilikuwa peke yangu na tai, nikimsugua mdomo, Gathercole alipoingia na ndoo ya makaa. Akalijaza jiko. Akaufunga mlango wa jiko. Hakuondoka.

"Niliona ya Jumapili," akasema.

"Basi furahi. Ulisema."

"Sikufurahi."

Alikwenda mpaka kwenye benchi lake kule nyuma, na mimi, sijui kwa nini, nikamfuata na kitambaa mkononi. Mwisho wa benchi hilo kuna nguzo nyembamba yenye taa ya shaba, imeandikwa kwa kumbukumbu ya Nora, mkewe Walter Gathercole. Naisugua kila Jumamosi. Ni taa nzuri, inapendeza jioni za Desemba, kila mtu husema hivyo.

"Hii niliitoa mwaka alipofariki," akasema. "Nilidhani itawaleta. Mtu anapenda kukaa penye mwanga, si ndivyo? Kumbe watu wanaipenda kwa mbali."

Nilitazama nafasi iliyokuwa chini ya taa. Siku ya ubatizo wa kina Pocock wanaume walisimama pale pale nyuma, wengine wakiligusa benchi hilo kwa viuno, wala hakuna aliyekaa. Mimi niliwaona. Nilikuwa najihurumia mwenyewe tu, nisione mwingine.

"Mbona hukusema mbele ya baraza, Walter?"

"Niseme nini? Kwamba naiogopa Jumapili? Mzee wa kanisa?" Akacheka kwa pua. "Doreen angeniletea keki mwezi mzima."

"Ungeniambia mimi, pale mlangoni."

"Ulikuwa na uso wa kunipiga."

Ni kweli, nilikuwa nao.

"Mbona huhami?" nikamwuliza.

"Nihamie wapi? Kila benchi lina wenyewe. Na nikihama, nimemwacha." Aliiokota ndoo. "Unadhani ni miaka michache, utazoea. Huzoei. Unajifunza tu kugawa vitabu polepole, ili usikae mapema."

Akatoka. Nilimaliza taa ya Nora, ndani na nje, ikang'aa kuliko tai.

Jumapili, 26 Novemba

Kijiji kizima kinanukia zabibu kavu na viungo, kila nyumba inakoroga pudini ya Krismasi. Mimi sikukoroga, pudini ni kitu cha kukorogwa na watu wawili.

Nilikwenda kanisani nikiwa nimeamua kuhama, na nilipofika mlangoni miguu ikanipeleka benchi la nne kama punda anayejua njia. Nikakaa na bata. Mwoga mkubwa.

Jumatano, 29 Novemba

Barafu kwenye ndoo. Naendelea kuogopa, sasa kwa ratiba, asubuhi na baada ya chai.

Jumapili, 3 Desemba

Jumapili ya kwanza ya Majilio. Altare imevishwa zambarau.

Nilifika kengele zikilia. Walter alikuwa mlangoni na vitabu vyake, akiwagawia kina Pask mmoja mmoja, polepole kweli, sasa nilijua kwa nini. Nikachukua changu, nikakitia kwenye mfuko wa koti. Sikwenda kusini. Nilipiga hatua chache tu, nikaingia benchi la mzee wa kanisa, nikakaa chini ya taa ya Nora.

Nikasikia kanisa likigeuka, mbao zote zikilia. Doreen alisimama nusu, mdomo wazi. Alianza kutoka kwenye benchi lake. Nikamtazama, nikatikisa kichwa, mara moja, kwa nguvu. Sijawahi kumtikisia Doreen Thurlow kichwa maishani mwangu. Akakaa.

Walter alikuja baada ya kitabu cha mwisho. Akasimama njiani juu yangu, mkono kwenye fimbo yake. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Bi Hilda," akasema chini chini. "Hapo ni pa Nora."

"Najua."

"Wanatuangalia."

"Waache, shingo ni zao." Nikavuta koti langu magotini. "Ukitaka niondoke, sema sasa, kabla hawajaanza kuimba. Sitakasirika."

Huo ulikuwa uongo. Ningekwenda nyumbani nisirudi tena, nilikuwa nimeshaamua hilo. Padri alikuwa ameshasimama mbele, anatusubiri naye, karatasi mkononi.

"Hapo pana upepo wa mlango," Walter akasema hatimaye. "Nora aliulalamikia kila Jumapili, mpaka nikachoka kumsikiliza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sogea ndani, kwangu, kuna joto. Mimi nitakaa hapo."

Nikasogea. Naye akaweka fimbo mahali pake, akashika mwisho wa benchi, akateremka taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji asiyojua kina chake. Alipokaa akatoa pumzi. Bega lake likagusa langu, wala hakuliondoa.

Kinanda kikaanza, tukasimama. Walter anaimba vibaya mno, anaimba kama lango la shamba, sikuwahi kujua. Alifungua kitabu chake, akatafuta ukurasa, akakisogeza katikati yetu tusome pamoja. Changu kilikuwa mfukoni. Nikakiacha humo humo.